Pande Mbili za Kushoto

Sijawahi kulipenda gari lile. Wenzangu wa karakana walikuwa wakilizunguka na kulipapasa kama ng'ombe wa mnadani, lakini mimi nilichoona ni viti vilivyochanika. Lilikuwa gari dogo la michezo, jekundu, la viti viwili na paa la turubai, na tumbo lake lilikuwa chini kiasi kwamba kila lilipopita kwenye barabara za shamba la ngano lilikwangua udongo. Mtaalamu mmoja wa kigeni ndiye aliyelileta. Alipomaliza mkataba wake akamwachia meneja wetu, na meneja akaliegesha kwenye kibanda cha mabati ambacho jua la mchana liliingia ubavuni. Miaka ikapita. Ngozi ya viti ikakauka mpaka ikawa inapasuka ukiigusa kwa kidole, kadibodi za milango zikapinda, zulia likaliwa na panya.

Fundi wa viti shambani pale nilikuwa mimi. Nilijifunzia misheni, kwenye makochi ya mapadre, na nilipoajiriwa nikapewa chumba kimoja pembeni mwa karakana, cherehani nzito ya kushonea maturubai, na viti vya matrekta visivyokwisha. Dereva wa kombaini akikalia kiti kibovu kutwa nzima, hamlaani aliyetengeneza kombaini. Anamlaani fundi wa viti. Wakati wa mavuno nililaaniwa sana.

Na ilikuwa mavuno, mwezi wa saba, upepo wa mlima Hanang unapuliza makapi mpaka ndani ya chai, meneja aliponiita ofisini. Nikamwamkia, akaitikia, akaniambia nikae. Hilo peke yake lilinitia hofu, maana hakuwa mtu wa kukalisha watu.

"Nimehamishwa," akasema. "Mwisho wa mwezi naenda Arusha, na sitaki kuingia mjini na gari kama lile banda la kuku. Kitambaa chake ninacho."

Alikuwa na gombo la ngozi ya bandia, nyekundu iliyokolea, aliyoletewa kutoka nje. Siku zile hata uzi wa cherehani ulikuwa wa kutafuta, sembuse kitu kama kile. Kisha akafungua droo, akatoa karatasi, akaiweka juu ya meza bila kunionyesha.

"Karakana inapunguzwa watu. Jina lako limo humu. Nikiondoka nimekalia viti vizuri, nitalifuta mwenyewe kwa kalamu yangu. Nakwambia wazi ili usije ukasema sikukwambia."

Sikumchukia kwa maneno yale. Nilishukuru, na leo nikikumbuka jinsi nilivyoshukuru, nikiwa nimesimama na kofia mkononi, naona aibu.

Ajira pale haikuwa kazi tu. Ilikuwa nyumba pia. Tulikaa kwenye kota za wafanyakazi, chumba na sebule, bati juu, bomba la maji la pamoja nje, zahanati ya shamba hatua chache. Mke wangu alikuwa na mimba ya miezi sita, ya kwanza baada ya miaka ya kusubiri na kuulizwa maswali na kila shangazi. Ukiachishwa kazi ulipewa siku chache kutoa vyombo vyako. Sisi tungerudi Daudi, juu kule Mbulu, kwa mama yangu.

Nilianza kazi Jumatatu. Kiti cha zamani hakichanwi ovyo, hata kikiwa kimeoza. Unafumua mshono mmoja mmoja, unaweka alama kwa chaki, kila kipande unakilaza juu ya meza, na hicho ndicho kinakuwa pateni, kielelezo cha kukatia kipande kipya. Chini ya kiti cha dereva, katikati ya springi, nilikuta kibanio cha nywele cha mwanamke na punje za ngano kama kiganja kimoja. Zilikuwa zimepata unyevu siku moja, zikaota, zikafa humohumo, vijiti vyeupe vyembamba. Nilizikung'uta nje bila kuwaza kitu.

Alhamisi asubuhi mke wangu alishikwa na maumivu akiwa bombani. Jirani zetu wawili, mmoja mtu wa Singida na mwingine wa Kilimanjaro, walimpeleka zahanati, mimi nikaitwa karakana. Nilipofika yote yalikuwa yamekwisha. Mtoto alikuwa wa kiume na hakulia. Muuguzi alimfunika vizuri, hilo nilimshukuru, na tulimzika mchana uleule, mimi na mume wa yule jirani wa Singida, nyuma ya miti ya kuzuia upepo.

Sisi Wairaqw tuna jambo linaloitwa metimani. Nyumba ikipoteza mtoto kwa namna ile, inajitenga. Mume na mke hawaingii kwa watu na watu hawaingii kwao. Hawachoti maji mahali pa wote, hawaoti moto wa mtu mwingine, hawagusi ng'ombe wa jirani. Wazee wanasema si adhabu, ni kuwakinga wengine, na siku ikifika kuna namna ya kuwarudisha kati ya watu. Mchungaji wetu wa kule Daudi alihubiri mara nyingi kwamba mambo hayo yamepitwa na wakati. Watu waliitikia amina, wakarudi nyumbani na kuyafuata. Dada yangu aliwahi kukaa hivyo karibu mwaka mzima, kwenye kibanda cha pembeni mwa boma, na mama akawa anamwekea chakula juu ya jiwe na kurudi nyuma kabla hajatoka kukichukua. Nilikuwa kijana tu, nikamwona dada akila peke yake ameupa ukuta uso. Nikaapa kwamba mke wangu hatakaa vile.

Kota hazikujua metimani. Pale mke wangu alilala kitandani na wanawake wakaingia na uji, wakamshika mkono, wakamsuka nywele. Kwa hiyo sasa nilijua karatasi ile ya meneja ina maana gani hasa. Jina langu likibaki, tunarudi Daudi, na mke wangu anaingia kwenye kibanda kile.

Ndiyo maana Ijumaa nilirudi kazini. Mtu mwenye akili angekaa nyumbani. Mimi nilitandika ile ngozi nyekundu mezani, nikaweka pateni ya ubavu wa kiti, nikakata. Nikaiweka tena, nikakata cha pili. Nilikata vizuri kweli. Nilipovipeleka kwenye gari kuvijaribisha, vyote viwili vikakaa upande wa kushoto.

Nilikuwa nimesahau kugeuza pateni. Kosa la mwanafunzi wa wiki ya kwanza. Ubavu wa kulia na wa kushoto ni kama viatu, ukikata bila kugeuza unapata kushoto na kushoto. Nilijaribu kukigeuza kimoja, upande wa nyuma ukawa ni wa kitambaa cheupe cha pamba. Nilipima kilichobaki kwenye gombo mara nne, mara tano; hakikutosha. Nikakaa chini, kwenye sakafu yenye grisi, na nikalia kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi. Aliyepita akaniona angesema analilia kiti.

Nilipotulia nikapiga hesabu ya fundi. Nikivunja ile mipango ya kwanza na kutumia kilichobaki kwa mbavu na migongo, na kile kipande kibaya nikikikatakata kiwe mikanda ya pembeni ya mishono, nitapungukiwa sehemu moja tu: pale katikati, mtu anapokalia, viti vyote viwili. Hapo ningeweka ngozi halisi ya rangi nyingine, na nikiishona kwa unadhifu itaonekana ni mtindo. Lakini ngozi laini ya kukalia ilipatikana wapi? Katesh hakuna, Babati hakuna. Ngozi za bucha zilikuwa ngumu kama mbao. Mtu mmoja tu niliyemjua aliyeweza kulainisha ngozi ya mbuzi mpaka ikunjike kama kitenge, na huyo alikuwa mama yangu.

Jumamosi nilimwambia mke wangu ninakokwenda. Alikuwa ameegemea ukuta, uso umekauka.

"Usiingie ndani," akasema. "Simama nje ya boma. Mwambie kilichotokea, akutupie ngozi, uondoke."

"Nikimwambia, ataanza kutuhesabia siku."

"Basi usiende. Ama umwambie, ama usiende."

Nilimwitikia sawa. Nilipata lifti kwenye lori la shamba mpaka Dongobesh, na lingine la mfanyabiashara mpaka Mbulu, na kutoka hapo nikatembea. Njia nzima nilikuwa najihubiria mahubiri ya yule mchungaji. Mambo haya yamepitwa na wakati. Mungu haangalii mambo haya. Nilikuwa nimeyasikia mara mia bila kuyajali, na siku ile nikayaamini yote kwa sababu yalinifaa.

Mama alinikuta njiani, kabla sijafika bomani. Alikuwa anatoka kukata majani ya ng'ombe, mzigo kichwani. Akautupa chini, akaja kunishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mkwe wangu hajambo? Tumbo linaendeleaje?"

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kumwambia. Nilikuwa nimepanga maneno, na kulikuwa na nafasi ya kuyasema. "Linaendelea vizuri," nikasema.

Yaliyofuata yalijiendea yenyewe. Niliingia ndani. Nikakaa kwenye kigoda cha marehemu baba, nikaota moto, maana Daudi mwezi wa saba baridi yake inaingia mifupani. Nikala ugali na maziwa ya mgando kutoka kibuyu kimoja na yeye. Nilipomwambia nina shida ya ngozi laini, kazi ya meneja, akacheka kidogo.

"Niliyonayo ni moja. Na hiyo nilikuwa nakuja kuwaletea mwenyewe."

Akaishusha kutoka juu ya dari ya miti. Ilikuwa ya mbuzi mkubwa, imekwanguliwa manyoya, imepakwa samli na kusuguliwa na kukanyagwa wiki kwa wiki mpaka ikawa nyepesi mikononi, rangi ya chai ya maziwa. Pembeni alikuwa ameshonea safu moja ya shanga nyeupe. Ilikuwa ngozi ya kubebea mtoto mgongoni, kama aliyonibebea mimi na dada yangu.

"Wasichana wa siku hizi wanabeba kwa kanga," akasema. "Lakini kule kwenu kuna upepo. Mpe. Ya meneja wako utaitafuta kwingine."

Niliipokea kwa mikono miwili. Nikamshukuru kwa niaba ya mke wangu. Sijui nilikuwa mtu gani siku ile, na nimejiuliza mara nyingi.

Jumapili nilipofika nyumbani mke wangu hakuuliza kama niliingia. Alinusa moshi kwenye koti langu, akajua. Nikamwekea ngozi mapajani, nikamweleza yote, hata lile jibu la njiani. Alizipitisha shanga zile kwenye vidole moja moja, na mimi nilisimama mbele yake nikitamani anitukane. Nilikuwa nimefika mwisho. Ilibaki siku nne meneja aondoke, na mbele yangu kulikuwa na njia mbili tu, kuikata au kurudi Daudi, na zote mbili zilipita juu ya ngozi ile.

"Lete wembe," akasema.

Alikata uzi wa shanga mwenyewe, taratibu, asiiharibu ngozi. Alizikusanya zote kwenye kopo la maziwa ya unga na kulifunika. Kisha akanisukumia ngozi.

"Kata. Lakini mara hii geuza pateni."

Jumatatu alinifuata karakana, akiwa hajapona sawasawa, akakaa kwenye gunia la katani. Alisema nyumbani kuta zinamwangalia. Nilinyoosha springi, nikatandika katani na sponji, nikavuta ngozi juu yake na yeye akashikilia ncha nikigonga misumari midogo. Sehemu za kona, ambako cherehani haifiki, alishona yeye kwa sindano iliyopinda, maana mikono yangu ilikuwa imechubuka na kuvimba. Hatukusemezana zaidi ya "vuta" na "legeza". Milango niliivalisha kadibodi mpya, zulia nikalikata kutoka turubai jeusi. Jumatano mchana viti vilikuwa tayari, mbavu nyekundu na katikati rangi ya chai ya maziwa, na lazima niseme ukweli, vilikuwa vizuri. Sijawahi kutengeneza viti vizuri kama vile tena.

Meneja alikuja Alhamisi asubuhi, akazunguka gari, akafungua mlango, akakaa. Akajisogeza kushoto na kulia. Kisha akanusa.

"Inanuka kama samli."

"Itaisha, mzee. Ni mafuta ya kulainishia."

"Ngozi ya wapi hii? Inakubembeleza."

"Ya kwetu Mbulu," nikasema.

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni mwa karakana, mikono ndani ya kanga. Meneja alimpungia, akawasha gari, akaondoka akikwangua udongo mpaka barabara kuu. Jumatatu iliyofuata orodha ilibandikwa ukutani mwa ofisi. Niliisoma juu mpaka chini na chini mpaka juu. Jina langu halikuwepo. Wenzangu wawili tuliokula nao sahani moja miaka yote walikuwemo, na nilishindwa kuwaangalia. Nilikwenda nyumbani nikamwambia mke wangu, "Tunabaki." Akasema, "Haya," akaendelea kuchambua maharage.

Mama alifika baada ya wiki mbili. Alipanda lori lililokuwa linakuja kuchukua ngano, na alikuwa na mzigo wa unga wa mtama kwa ajili ya uji wa mzazi, na kibuyu cha samli. Nilimwona kutoka mlangoni akivuka uwanja wa kota, anauliza watu, anaelekezwa. Mke wangu alikuwa nje anaanika nguo. Alisikia sauti, akageuka, na gauni lake, lililolala bapa tumboni, likaonyesha kila kitu.

Mama alisimama. Palikuwa na kama hatua kumi kati yao, na niliona macho yake yakipima umbali ule, kama alivyokuwa akipima lile jiwe la dada yangu. Akaweka mzigo chini.

"Lini?" akaniuliza mimi.

"Mwezi wa saba."

"Kabla hujaja, au baada?"

"Kabla. Siku mbili."

Hakupaza sauti. Ningependa angepaza. "Uliingia," akasema. "Ukakaa kwenye kigoda cha baba yako. Ukala kwangu. Jioni ile nilitoka nikaenda kumsaidia jirani, ng'ombe wake alikuwa anazaa. Hii mikono ndiyo iliyovuta ndama. Kesho yake nikachota maji na watu. Wiki tatu hizi ninaingia kila nyumba. Ndama yuko hai, lakini mimi nitamtazama vipi yule jirani?"

Nilianza kumwambia habari za mchungaji. Akaninyamazisha kwa mkono.

"Sijakuuliza unaamini nini. Mimi ningechagua mwenyewe. Hukuniachia."

Nilikuwa nimemkinga mke wangu na kibanda, nikamtia mama yangu ndani bila yeye kujua. Mama alikuwa bibi kizee aliyechoka, mavumbi ya ngano kwenye nyusi. Halafu akazivuka zile hatua kumi, ambazo hakuzivuka kwa binti yake wa kumzaa, akamshika mke wangu usoni kwa mikono yake miwili. Mke wangu alianza kulia kwa sauti, kilio ambacho hakikutoka siku ya zahanati wala siku ya wembe.

"Nimeshaingia tayari," mama akasema. "Nitakaa nanyi mpaka siku zenu ziishe. Daudi watasikia kwa nini."

Alilala sebuleni, kwenye godoro la katani nililomshonea. Uji wa mzazi alimpikia mke wangu hivyohivyo, akasema tumbo lililozaa ni tumbo lililozaa. Mimi aliniitikia nilipomwamkia, si zaidi.

Siku ya tatu au ya nne, wakiwa wamekaa jikoni, akauliza. "Ile ngozi mnaifanyia nini? Msiitupe. Itatumika siku nyingine."

Mke wangu aliniangalia. Nilikuwa nimeinama mlangoni nafunga kiatu, na kidole changu kikabaki kwenye kamba. Alipoona siwezi, aliinuka, akashusha kopo kutoka rafu, akamfungulia mama. Mama alitia mkono akazichota shanga, akaziacha zikidondoka kurudi ndani. Akamsikiliza mpaka mwisho: kuhusu pande mbili za kushoto, na orodha, na wembe, na lile gari jekundu lililokwenda Arusha.

"Yule bwana alisema nini alipokaa?"

"Alisema inambembeleza," mke wangu akajibu.

Mama akafunika kopo, akalishika kifuani kwa mikono miwili.

"Basi amebebwa yeye," akasema, na akaniangalia mimi.